Mzee Pettigrew na Mstari wa Kituo cha Tatu

Baada ya kututumikia miaka thelathini na mitatu, Bwana Angus Pettigrew, mtunza uwanja wetu wa besiboli wa Wicklow hapa Hamilton, anastaafu Jumamosi hii, tarehe 14 Septemba 1929.

Alipoajiriwa, Wicklow ilikuwa malisho yaliyozungushiwa ua wa mbao, na paa la jukwaa lilivuja kila mahali isipokuwa juu ya viti vya wakurugenzi. Kondoo waliachwa humo makusudi wapunguze majani, na wachezaji walioteleza chini ili kuwahi kituo, mahali mpigaji anapokimbilia, hawakuchafuka kwa udongo peke yake. Angus ndiye aliyewafukuza kondoo hao. Jukwaa lilipoungua mwaka 1909, alilijenga upya na maseremala wanne kabla ya msimu kufunguliwa. Jumapili, siku ambayo sheria hairuhusu michezo, alipitia uwanjani na suti yake ya kanisani, eti kutazama majani tu. Mkewe, Bi Effie, alikuwa akimkagua magoti mlangoni.

Lakini sifa yake kubwa ilitokana na mstari wa kituo cha tatu. Mwanawe, Lorne, aliichezea klabu yetu, na hakuna aliyemfikia kwa kuugusa mpira kidogo tu kwa gongo, ukajiviringisha taratibu kando ya mstari huo huku yeye akitimua mbio hadi kituo cha kwanza. Angus aliinua udongo kidogo pembeni, mpira usitoke nje ya mstari ukakataliwa. Sote tulijua, na sote tulinyamaza.

Mwaka 1921 klabu ilimuuza Lorne kwa klabu ya Brantford, na mwinuko ule ukasahaulika. Lorne akaja na jezi ya wageni, akaugusa mpira, nao ukatambaa ndani ya mstari kama ulivyozoea. Tukafungwa.

"Mzee, umemjengea mwanao barabara!" watu wakamzomea.

"Mlipokuwa mkiipita ninyi, mbona hamkulalamika?" akawajibu.

Alijibu kwa utani, ila ilimuuma. Kesho yake alisawazisha mstari. Tangu hapo, kila Lorne alipoingia kupiga, baba yake alijifungia ndani ya kibanda cha vifaa, asije akaonekana anawashangilia wageni. Mashabiki wetu wakinyamaza ghafla, ndipo alipojua mwanawe amefanya vizuri. Mimi huwakatia watu tiketi karibu na kibanda hicho, na kila mara nilimhurumia.

Jumamosi tunacheza na Brantford, na Lorne yumo kikosini.

Mzee Angus, ahsante kwa kila jani na kila ubao. Funguo za kibanda utazikabidhi kabla ya mechi. Kiti chako kiko mbele kabisa, karibu na kituo cha tatu, na Bi Effie atakaa ubavuni mwako. Huna deni tena kwa klabu. Tunakutakia maisha mema, na tunaomba yaanzie hapo hapo: Lorne akishika gongo, simama umshangilie mwanao mpaka sauti ikukauke.