Marehemu Arvo Hautala na Banda Lililonyesha Ndani

Ndugu, jamaa na majirani, leo Jumamosi, tarehe 18 Mei 2024, tunamzika mtu aliyetutoka tangu Januari. Makaburi yetu hayachimbiki wakati wa baridi, naye amengoja theluji iyeyuke bila kunung'unika. Waliomjua watakubali kwamba ni mara yake ya kwanza kungoja kitu kwa utulivu.

Arvo Hautala alizaliwa tarehe 3 Machi 1946 hapa Salmela, kaskazini mwa Michigan, mtoto wa pili wa marehemu Eino na Saima Hautala. Alizaliwa ndani ya sauna, chumba cha kuogea mvuke, ya magogo ambayo babu yake aliijenga kabla hata ya kujenga nyumba, maana ndiko kulikokuwa na joto na maji ya moto.

Alianza shule mwaka 1952 akijua Kifini tu, lugha ya nyumbani kwao. Mwaka mzima hakufungua kinywa darasani, hadi mwalimu akamwita dada yake mkubwa, Elma, akamuuliza kama mdogo wake ni bubu. "Hapana, Mwalimu," Elma akajibu, "hajaona la kusema." Alihitimu sekondari mwaka 1964, na kwa kweli hata baada ya hapo hakuona mengi ya kusema.

Mwaka huohuo alianza kazi ya kukata miti, akaifanya hadi alipostaafu mwaka 2008. Alikata misitu ya kila mtu isipokuwa wa kwake. Tarehe 12 Juni 1971 alimuoa Marlene, na Marlene ndiye aliyeipenda ile miti ya magome meupe iliyosimama kati ya nyumba yao na barabara. Arvo aliiacha kwa ajili yake. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Rodney, mwaka 1973. Marlene alifariki mwaka 2005, na kwa miaka mingi baada ya hapo hakuna aliyethubutu hata kukata tawi pale.

Hatuwezi kusimulia maisha ya Arvo tukaruka habari ya ugomvi, kwa kuwa nyote mnaijua na wengine mmeitia chumvi. Rodney alikuwa dereva wa lori la magogo, na lori hilo alilitengeneza mwenyewe, nje, kwenye theluji. Mwaka 2010 alimwendea baba yake.

"Baba, nipe tu kale kapande ka barabarani nijenge banda. Vidole vinaniganda kwenye spana."

"Ile miti ni ya mama yako."

"Mama hayupo, Baba."

"Basi katafute msitu pengine."

Rodney akawasha lori, akaenda Montana. Kwa miaka mingi kilichopita kati yao ni kadi za Krismasi zenye jina tu, bila neno la ziada. Arvo alizipanga zote dirishani, na hazikuondolewa hata kiangazi.

Vuli ya mwaka 2021 daktari alimwambia kwamba mapafu yake yanakwisha. Alimkataza Elma kumwambia Rodney. Theluji ilipoyeyuka, Elma alisikia msumeno wa mashine, akaenda mbio, akamkuta Arvo ameketi juu ya kisiki akihema, mti umelala mbele yake.

"Arvo, umerukwa na akili? Miti ya Marlene!"

"Imezeeka."

"Na wewe je?"

"Ndiyo maana nafanya haraka."

Aliangusha mti, akapumzika, akaangusha mwingine. Kiangazi hicho tingatinga liling'oa visiki na kusawazisha kokoto, kisha zikaja nguzo, mabati ya kijani na marobota ya sufi ya kioo ya kuzuia baridi. Jirani yake, Melvin Kesti, alipanda kumsaidia paa. Walielewana vizuri hadi ilipofika zamu ya nailoni ile ya kuzuia mvuke, inayotandazwa upande wa ndani, chini ya sufi.

"Nailoni ya nini?" Arvo akauliza. "Jengo lazima lipumue. Sauna ya babu imepumua miaka mia."

"Sauna ya babu ni ya magogo, mzee! Hili ni bati. Bati linapumua wapi?"

Arvo akaendelea kupigilia misumari, na nailoni haikuwekwa. Kumbe mvuke wote ulipenya kwenye sufi ukagandia kwenye bati, na siku aliyowasha jiko la kuni, barafu ikayeyuka na mvua ikanyesha ndani ya banda huku nje anga ni jeupe. Melvin alikuja na mwavuli. Arvo alicheka mpaka kifua kikamshinda, kisha akakaa chini akalia, kwa sababu nguvu za kubomoa na kuanza upya hakuwa nazo tena.

Hapo Elma alipiga simu Montana. Habari ya mapafu hakuitaja, maana aliahidi. Alisema, "Rodney, baba yako amejenga banda, na linanyesha ndani." Rodney akauliza, "Hakuweka nailoni?" Sisi Wahautala kuombana msamaha hatujui, lakini paa bovu hatuliachi. Wiki ya Pasaka ya mwaka 2023 lori lake lilisimama barabarani.

Alimkuta baba yake ana mpira wa oksijeni puani, akaelewa. Rodney alishusha sufi yote iliyolowa, naye Arvo akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akitoa amri. Elma alikuwapo, ameleta kahawa na mkate wa iliki, Rodney alipouliza:

"Baba, huna hata trekta. Mlango mrefu hivi wa nini?"

"Kapime lori lako."

Rodney alitoka na futi yake. Alikaa nje muda mrefu kuliko kupima kunavyohitaji. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akasema, "Linaingia." Arvo akasema, "Najua."

Arvo alifariki nyumbani kwake alfajiri ya tarehe 19 Januari 2024, mwanawe akiwa kando ya kitanda. Ameacha dada yake, Elma; mjukuu mmoja, Kelsey, wa Montana; na majirani ambao hakuwahi kuwashukuru kwa mdomo ila kwa kuni walizozikuta mlangoni.

Na ameacha mtoto mmoja, Rodney. Mchapaji wa karatasi hizi za mazishi mlizoshika alitaka tuandike anaishi wapi, kama ilivyo desturi, nasi tukasita, tukamgeukia mwenyewe. Akasema, "Andikeni wa hapa."

Mungu amlaze pema Arvo wetu, naye apumzike.