Historia ya Marehemu Mbithi Wathome, Aliyepiga Picha Vyumba vya Watu

Wapendwa mliokuja kuomboleza nasi, mzee wetu Mbithi Wathome alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 kule Ndithini, akasoma hadi darasa la saba mwaka wa 1971, akajifunza kamera katika studio moja ya Tala, na tarehe 8 Desemba 1984 akamuoa Wayua kanisani, harusi ambayo nusu ya picha zake alizipiga mwenyewe, ndiyo maana bwana harusi haonekani. Mungu akawapa Mumo na Tracy.

Kuanzia mwaka wa 1996 aliwapigia madalali wa Machakos picha za nyumba za kuuza, na kazi aliijua, alifungua mapazia asubuhi, akazima taa zisitie kuta umanjano, akafunika choo, akasimama mlangoni kamera ikiwa usawa wa kifua ili kuta zisilale, na chochote kilichobana chumba alikitoa nje, hata banda la kuku likafanana na ukumbi.

Novemba 2003, huko Matuu, alitoa nje kiti cha marehemu Wambua, mume wa mama Kamanthe, kilichokaa kwenye kona, kabla mwaka wa matanga haujaisha, mama akamuuliza, "Wee Mbithi, unamtoa Wambua nje na mawingu hayo?" naye akacheka, "Mwaitu, mama yangu, hiki ni kiti tu, nitakirudisha," akapiga picha, akasahau, akaenda zake, na mvua ikanyesha hadi kesho yake.

Tangu hapo kila chumba alichopiga, hata nyumba mpya za Syokimau ambazo hakuna aliyewahi kulala ndani, picha ilitoka na alama nne za miguu ya kiti pale kwenye kona, akamwonyesha Wayua, Wayua akaona simiti tu. Alirudi Matuu mara nyingi kuomba msamaha, na nyinyi mliosema ana mwanamke huko, familia inawajua na leo haiwataji, lakini nyumba ilikuwa imeuzwa, mama amehama hajulikani alipo, na kiti kimekwisha kuwa kuni.

Presha ilimshika mwaka wa 2006, akatuacha tarehe 2 Mei 2008 akiwa nyumbani, macho yake kwenye kona.

Juzi Wayua alisogeza kiti cha mumewe ili nyinyi mpate nafasi, akaziona alama nne sakafuni, akakirudisha mbio.

Tunawashukuru madaktari, majirani, na madalali waliompa kazi, na mkirudi nyumbani kwa chai kaeni kwenye mabenchi, mkibanana mbanane.

Pumzika kwa amani, Mbithi, wewe hatujakutoa nje.