Kengele ya Suvodol Inahamishwa

Kijiwe chetu hapa Suvodol, kijiji cha mlimani, ni jiwe refu mbele ya duka lililofungwa tangu mwenye duka amfuate mwanawe Munich. Bi Luce, tunayemwita Redio, huleta birika la kahawa. Mzee Jerko, yaani Kapteni, meli kapanda mara moja akatapika mpaka bandari ya Split. Yeye huleta uongo. Mimi naleta shahada ya historia, ambayo kwa miaka minne haijanipa hata kazi ya kufagia makumbusho. Wananiita Profesa, na si kwa heshima. Tumebaki watu kumi na tisa. Sasa parokia imeandika: Jumamosi lori linakuja kuchukua kengele yetu, iende mjini "kwenye watu wa kuitwa", labda tuonyeshe kwamba ni yetu na bado ina kazi. Mpiga kengele ni mimi, bure, maana mabega ya wengine yamekwisha.

— Profesa, andika barua, akasema Kapteni. Kengele ile babu zangu waliiunda kwa kuyeyusha mzinga wa Waturuki.

— Mzinga upi, mzee? Mturuki alipita bondeni. Huku juu aliona mawe, akacheka, akaenda zake.

— Mwenda pole hajikwai! Ndiyo maana walikimbia wakauacha.

— Methali hiyo imeingiaje hapo?

— Imeingia na mzinga. Andika.

— Muongo! akadakia Redio. Ilitoka Venisi. Mama alisema walibadilishana na punda.

— Punda mmoja kwa kengele ya kilo mia tatu, shangazi?

— Alikuwa punda wa maana. Yeye alipata kazi.

Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Nikayameza matusi yangu yakiwa ya moto.

— Ajme, nyote hamjui kitu, akasema Kapteni. Ililetwa na bura, upepo mkali wa mlimani. Ilivuka mlima inapepea, ikilia yenyewe!

— Haya. Niandike mzinga, punda au upepo? Na kazi yake je? Mwaka huu nimeipiga mara tano, zote msiba. Mwanamume mikupuo mitatu, mwanamke miwili. Hii ni kengele au tarishi wa makaburi?

Ndipo akatokea Khagendra, Mnepali wa machimbo ya mawe, aliyepanga na mkewe nyumba ya marehemu Mate tangu vuli. Shati kalivaa nje ndani.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mwanangu. Kaa, kahawa ipo.

— Sikai. Mke wangu kajifungua alfajiri, hospitali ya mjini. Msichana! Mtu akifa nasikia mnapiga. Akizaliwa, mnapiga mikupuo mingapi?

Kapteni akamtazama Redio. Redio akanitazama mimi, mtoto wa mwisho kuzaliwa Suvodol, miaka ishirini na minane iliyopita.

— Huyu alipigiwa, akasema Redio. Nakumbuka nililia. Ila mingapi…

— Frane, mpiga kengele wa zamani, ndiye aliyejua, akasema Kapteni. Na Frane tumeshampigia mitatu. Profesa, wewe ndiye uliyezaliwa, sema!

— Nilikuwa mchanga, mzee. Sikuhesabu.

— Sasa nani anajua? akauliza Khagendra.

Nikainuka, nikapanda mnara wa kanisa kwenye kamba ya kengele.

— Utapiga mingapi? akapaza sauti Redio.

— Mpaka mkono ukatae!

Nikavuta. Milango ikafunguka, wazee wakatoka wakifunga vitambaa vyeusi, wakiulizana ni nani leo. Redio akawa anakimbia na birika mkononi, ana miaka sabini na tisa, anapiga kelele:

— Hakuna aliyekufa! Jamani, hakuna aliyekufa!

— Profesa! akaita Kapteni kutoka chini. Hilo ndilo uandike kwenye barua!