Dkt. Joyline Akoth Thuo na Mmea wa Kusindikiza Dawa

Waombolezaji, msishangae wasifu huu ukisomwa kwa furaha. Mwenyewe aliagiza: "Mkinisoma kwa sauti ya matanga, nitaamka niwasomee mimi."

Dkt. Joyline Akoth Thuo alizaliwa tarehe 9 Juni 1976 mjini Nakuru, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, kifungua mimba wa marehemu Mzee Owino na Mama Rosebella. Alimbeba mdogo wake Joash mgongoni hata akiruka kamba. Joash hakuanguka hata siku moja, ingawa kamba ilimchapa sana.

Alisoma Nakuru hadi kidato cha nne, kisha akahitimu ufamasia jijini Nairobi mwaka 2001. Mwaka huohuo Joash alianza kusikia sauti ambazo wengine hawakuzisikia. Dawa za hospitali zilizinyamazisha, lakini zilimletea njaa isiyoshiba. Alinenepa hadi nguo zote zikamkataa, sukari ikapanda, naye akazitupa dawa chooni.

"Sista, heri zile sauti," alisema. "Huu mwili si wangu."

Akoth alilia, kisha akakasirika, na hasira hiyo ikawa kazi ya maisha yake. Tangu hapo alimpigia Joash simu kila asubuhi, na kabla ya salamu alimuuliza: "Umemeza?" Joash alimeza mwezi huu, akaacha mwezi ule.

Tarehe 6 Desemba 2003 aliolewa na Bwana Thuo, mkulima wa Kabazi. Thuo alipokuja kumposa alimkuta na gunia la magome ya miti. Alinusishwa yote kwanza, ndipo akajibiwa.

Magome hayo aliyatoa msituni juu ya Elburgon. Katika moja, chungu ajabu, alipata viini vilivyozuia panya wa maabara wasinenepe kwa dawa zile. Alikuwa mkali kwa jambo moja: "Mmea hauchukui nafasi ya dawa. Unaisindikiza tu."

Hatimaye akaruhusiwa kuujaribu mmea kwa wagonjwa. Nusu walipewa kapsuli za mmea, nusu za unga mtupu usio dawa, bila yeyote kujua kapewa ipi. Ajabu, vipimo vya damu vya wote vikafanana! Kumbe walizifungua wakaonja, na kwetu dawa isiyo chungu si dawa. Wenye chungu waliwahurumia wenzao, wakagawana palepale kwenye benchi la kliniki.

"Daktari, huyu mlimpea unga mtupu," Mama Chepkirui, mmoja wa wagonjwa hao, alijitetea. "Sasa mimi ningemeza yangu yote nikimuangalia?"

Kazi ya miaka ilikuwa imeliwa na wema. Akoth alicheka hadi akaketi sakafuni. Halafu akaanza upya, na safari hii unga nao akautia uchungu.

Februari 2025 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Kifo hakikumtisha sana. Alichoogopa ni kuondoka bila jibu, Joash naye aachane na dawa kabisa. Alisukuma kazi kitandani, akiwapigia wenzake kelele kama mzima.

Jumanne, tarehe 14 Oktoba, majibu yalitoka. Waliopewa mmea hawakunenepa kama wenzao, na sukari yao ilitulia. Haukuwa muujiza, lakini lilikuwa jibu! Akoth alipiga vigelegele hadi nesi akaja mbio na sindano.

"Mathe, ni uchungu?"

"Ni furaha! Nipe simu!" Joash alipopokea, alimwambia, "Joash, mmea umekubali! Umemeza?"

"Bado, sista."

"Meza nikisikia." Akasikiliza maji yakishuka kooni, akacheka. Jumapili, tarehe 19 Oktoba 2025, akafariki.

Ameacha mumewe Thuo, wanawe Bravin na Fancy, mamake Rosebella, na mdogo wake Joash, ambaye ndiye anayewasomea wasifu huu.

Alale salama. Leo asubuhi simu haikulia, lakini Joash amemeza.