Papa Évariste na Safu ya Tatu ya Daftari

Ijumaa hii, tarehe 29 Agosti 2025, Papa Évariste Kisimba anastaafu baada ya kuitumikia idara yetu ya maji hapa Kalemie kwa miaka thelathini na mitatu. Aliingia mwaka 1992 akiwa na viatu vya kuazima, na anatoka akiwa amemaliza jozi ambazo hakuna aliyezihesabu. Muda wote huo kazi yake ilikuwa moja: kutembea juu ya mabomba na kusikia wapi yanavuja.

Kwa wasiomjua, kama wapo, Papa Évariste hutembea na fimbo ya chuma yenye urefu wa mtu. Ncha moja huichomeka ardhini, nyingine huibana sikioni, kisha hufumba macho. Maji yanayovuja chini yana mlio wake. Siku moja mchungaji wa kule Kataki alimkuta katika hali hiyo, akavua kofia na kusubiri amalize kuomba. Papa Évariste hakutaka kumwaibisha, akasema Amina.

Kiangazi cha mwaka 2009 hakuhitaji hata fimbo. Alisikia vyura wakiimba mahali ambapo chura mwenye akili zake hana shughuli mwezi wa nane. Akaita mafundi, wakachimba, na bomba likakutwa limepasuka. Tangu siku ile wanamwita Shemeji wa Vyura, na akiitwa anaitika.

Hakuna mtu asiye na kasoro, na kasoro ya Papa Évariste ilikuwa safu ya tatu. Daftari la mzunguko lina safu tatu: tarehe, namba ya bomba, na mahali. Kwa kuwa nyumba nyingi za mji wetu hazina namba, wenzake huandika alama kama vile "nyuma ya kanisa" au "karibu na duka", basi. Yeye aliandika: "Mbele ya dirisha lenye mapazia mawili yasiyofanana. Leo jekundu limeushinda upepo." Au: "Penye ukuta wa nyuma wa mwoka mikate. Saa kumi na mbili asubuhi egemeza mgongo, matofali yana joto." Mimi ni mkuu wake wa biro, yaani ofisi yetu ya mabomba, tangu mwaka 2011, na mwaka huohuo nilimwandikia barua ya onyo, nikimkumbusha kwamba idara ya maji haikumwajiri kufurahi. Barua hiyo bado imo kwenye faili lake. Naomba anisamehe, na naomba mbele ya wafanyakazi wote.

Aliyenitia adabu ni ziwa. Maji yalipopanda na kumeza avenue za chini, zile barabara za kando ya ziwa, ilibidi tufunge koki kuu iliyozama, la sivyo uchafu ungeingia kwenye bomba la mtaa mzima. Ramani ya biro ilituonyesha mahali palipokuwa na maji tu. Daftari la Papa Évariste lilisema: "Hatua kumi na mbili kutoka kwenye ngazi ambayo mwashi alisahau kikombe cha kijani ndani ya saruji. Kila nikikiona nacheka." Fundi wetu Djo aliingia majini hadi kifuani, akapapasa ngazi kwa miguu mpaka kidole gumba kikazama ndani ya kikombe. Akahesabu hatua kumi na mbili, na koki ilikuwa pale. Sikuandika tena onyo kwa mtu yeyote kuhusu safu ya tatu.

Mwaka juzi alijiunga nasi Christelle, aliyesomea programu za simu Lubumbashi. Nilimkabidhi madaftari yote kumi na moja ayaingize kwenye simu za mafundi, ili kila mahali palipowahi kuvuja paonekane kwenye ramani. Alichapa miezi miwili. Siku ya majaribio ikagundulika kwamba safu ya namba za mabomba imebaki nje: fundi akikaribia alama, simu inatetemeka na kumpa safu ya tatu peke yake. Djo alitumwa Kamkolobondo kutafuta mvujo, ambao mafundi huuita fuite, akarudi baada ya saa tatu na suruali kavu.

"Mama Chef, fuite sikuiona," aliniambia. "Lakini ile dirisha ya Papa niliiona. Njo vile kabisa aliandika."

Nilijiandaa kukasirika, lakini uso wa Djo ulinizuia. Kesho yake mafundi wawili waliomba wapitie Kamkolobondo, na dada wa mapokezi akauliza kama naye anaweza kuwekewa ile ramani iliyoharibika. Christelle aliirekebisha ramani ya mivujo ndani ya juma moja. Ile iliyoharibika hakuifuta. Aliigeuza programu ya kila mtu, akaiita Simama Kidogo, na akamfanya Papa Évariste mbunifu mwenzake, yeye ambaye simu yake ilikuwa ya vitufe na nusu ya vitufe ilikuwa imefutika.

Mbunifu huyo mpya alikuwa mkali kuliko Christelle mwenyewe. Christelle alitaka picha, Papa akakataa: mtu akipewa picha atatazama simu, na dirisha litabaki peke yake. Kwa hiyo programu hutoa sentensi mbili, kisha kioo kinazimika chenyewe. Alidai kila alama iwe na saa yake, maana ukuta wa mwoka mikate saa sita mchana ni ukuta tu. Kilichomo ndani ya ua wa mtu hakiandikwi mpaka mwenye ua akubali. Toleo la kwanza lilitetemeka mara arobaini kati ya soko na daraja la Lukuga, hata muuza ndagala mmoja, wale samaki wadogo wa ziwani, akasema simu yake imeshikwa na malaria. Papa Évariste alimwambia Christelle, "Furaha haipigi hodi kila dakika, mutoto yangu," na tangu hapo ni mara mbili tu kwa siku. Leo zaidi ya watu elfu moja wa mji huu husimama kidogo kwa sababu yake.

Barua ya kustaafu ilimfikia mwezi wa tatu. Aliikunja, akaiweka ndani ya daftari, akaenda kwenye mzunguko kama vile imeandikiwa mtu mwingine. Nilipomuuliza mwezi wa sita, alinijibu bila kunitazama: "Mama Chef, mimi nikibakia ku nyumba nitazimika, kama Papa Théophile." Papa Théophile ndiye aliyemfundisha fimbo. Alipostaafu aliweka kiti barazani, akatazamana na ukuta wa jirani, na mwaka haukuisha tukamzika. Papa Évariste alimtembelea kila Jumapili ya mwaka ule, akaona yote. Maneno hayo yaliniuma.

Nilimweleza Christelle, naye akafungua ramani. Ilikuwa na alama mia nne na kumi na mbili, mji mzima umejaa madoa kama kitenge, isipokuwa kipande kimoja cheupe kule Lubuye. Ni avenue anayoishi Papa Évariste mwenyewe. Mivujo husikika vizuri mji ukinyamaza, kwa hiyo miaka yote hiyo alitoka kabla ya mapambazuko na kurudi giza limeshaingia. Tulipomwambia mke wake, Mama Séraphine, alicheka mpaka akakaa chini. "Uyu muntu anajua mulango ya kila muntu. Yake, anaijua na giza tu."

Basi kwa majuma manne, yeye akiwa kazini, tulipokezana kutembea kwenye avenue yake, kila mmoja na saa yake. Tunakiri hapa kwamba zile "ripoti za ukaguzi wa Lubuye" za mwezi huu zilikuwa uongo mtupu. Saa tatu asubuhi, jua hupita kwenye matundu ya matofali ya jiko lake na kumwaga miraba midogo juu ya beseni la vyombo. Saa nne, bata wa jirani huvuka barabara kwa mstari, na wa mwisho husahau walikuwa wanakwenda wapi. Saa tisa upepo wa ziwa hufika, na mapazia ya milango yote ya avenue hutoka nje kwa pamoja. Tumeandika alama kumi na tisa, za kwanza kuandikwa bila yeye.

Tulitaka zitimie ishirini. Mama Séraphine akatuzuia. "Ile ya makumi mbili mumuachie yeye," alisema. "Saa kumi ya mangaribi, mimi niko pale ku mulango, nachambua maharagi. Kila siku."

Papa Évariste, asante kwa kila bomba na kila dirisha. Simu utakayokabidhiwa leo imewekwa tayari. Jumatatu, saa kumi jioni, itatetemeka mbele ya mlango wako na ukurasa utakuwa mtupu, ukingoja sentensi zako mbili. Tunakuombea siku nyingi, njema na zenye mwanga. Usiende na kiti kimoja, beba viwili.

Huguette, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa biro ya mabomba