Mzee Baya Dzombo na Bunduki Aliyoikadiria Mara Mbili

Tarehe 30 Juni 1988 Mzee Baya Dzombo atafunga karakana ya Nyumba ya Mnada ya Mwambao, hapa Malindi, kwa mara ya mwisho. Atakuwa ametutumikia miaka thelathini na mmoja, miezi mitatu na siku kumi na tisa. Hizo siku kumi na tisa amezihesabu mwenyewe, na ameniagiza nisithubutu kuziacha.

Aliajiriwa Machi 1957 kama seremala wa kutengeneza viti vilivyovunjika. Mwaka 1968 akapandishwa cheo kuwa mkadiriaji, yaani yeye ndiye aliyeamua kila kitu kinachoingia mnadani kina thamani gani. Amepitisha mikononi vitanda vya nakshi, saa za ukutani, gramafoni, na kiti kimoja cha daktari wa meno ambacho alimshauri kinyozi wa Muyeye akinunue. Kwa miaka mingi watu wa Muyeye walinyolewa huku wakipandishwa na kushushwa kama masultani. Kazi zote hizo Mzee Baya amezifanya kwa kuazima miwani yangu, kwa kuwa yake, kila siku, huwa ameisahau nyumbani.

Lakini hakuna mfanyakazi wa hapa asiyejua kisa cha bunduki, na mimi niliyepiga chapa barua zake zote nitakieleza kama kilivyokuwa.

Mwezi Februari 1983 alikuja mjane kutoka kijiji cha Tezo, Bi Kadii. Marehemu mumewe alikuwa akiwafuatia wawindaji nyayo za wanyama, na mmoja wao alipohama nchi alimwachia bunduki yake kwa kibali halali. Baada ya mazishi Bi Kadii aliipeleka polisi, kama sheria inavyotaka, akapewa siku tisini: apatikane mnunuzi mwenye leseni, la sivyo iharibiwe. Kampuni yetu ilikuwa na kibali cha kutunza silaha, basi ikaletwa kwetu. Ilikuwa bunduki ya komeo, ile ambayo lazima uvute komeo nyuma na kulisukuma mbele kabla ya kila risasi. Kitako chake cha mbao kilikuwa kimeliwa na mchwa hata ukikigusa kinamwagika unga.

Bi Kadii alitaka jambo moja tu, mashine ya kusaga mahindi. Wanawake wa kwao walikuwa wakitembea nusu siku kwenda kusaga.

Mzee Baya aliitazama ile bunduki, akatikisa kichwa, akaandika: chuma chakavu. Akatia sahihi na mhuri. Bwana Ndirangu, mfanyabiashara wa silaha kutoka Nairobi, alikuwepo siku hiyo. Akatoa bei ya chuma chakavu, na mkurugenzi wetu, Bwana Zubeir, akampa mkono. Bi Kadii hakubisha. Alisema tu, "Kama ni chuma, baba, basi ni chuma," akashika njia.

Baada ya chakula cha mchana Mzee Baya akaanza kuipangusa kwa mafuta ya taa ili ikabidhiwe safi. Uchafu ulipotoka akaona mkono wa komeo ni bapa kama kijiko. Akafungua chini, akakuta risasi hazikai kwa safu bali huzunguka kwenye kigurudumu cha shaba. Pembeni palikuwa na alama ya kiwanda cha Austria na nambari ndogo sana, ya zile za mwanzo kabisa kutengenezwa. Akanivua miwani bila kuomba, akasoma tena, kisha akaenda moja kwa moja kwa mkurugenzi.

"Bwana, nimekosea. Ile si chuma chakavu. Zilizobaki kama ile ni za kuhesabika."

"Baya, nimeshampa mtu mkono!"

"Mkono ulitolewa kwa sahihi yangu. Kama lazima mtu aaibike, niaibike mimi. Lakini yule mama asidhulumiwe."

Bwana Zubeir akaniita nipige chapa barua ya kubatilisha makadirio. Bwana Ndirangu aliondoka akisema kampuni yetu haishiki neno lake. Mzee Baya alipanda basi siku hiyo hiyo hadi Tezo, akamwomba radhi Bi Kadii mbele ya wanawe.

Sasa ikabaki kazi ya kitako, kwani bila kitako halisi thamani yake ilikuwa nusu. Tuliandika barua Mombasa, Nairobi na hadi Austria. Majibu yote yalikuwa ya adabu na yote yalisema hakuna. Siku sitini zilikuwa zimekwisha pale dereva wetu alipotaja hoteli moja ya Mnarani yenye bunduki ya pambo ukutani. Mzee Baya akavuka kwa feri, akatazama: kitako kilikuwa chenyewe, ila mtutu ulikuwa kipande cha bomba la maji.

"Hiyo haiuzwi, Mzee," akasema meneja, Bi Adhiambo. "Wageni hupiga picha nayo."

"Sinunui. Nikikuletea pacha wa kitako hiki, utanipa hiki?"

Bi Adhiambo akacheka, akakubali. Kwa siku kumi na moja Mzee Baya alichonga kitako cha mbao ya msaji, akakipaka chai ya rangi na dawa ya viatu. Alipokitundika, Bi Adhiambo alirudi nyuma hatua tatu akasema, "Hiki chako kinafanana na cha zamani kuliko cha zamani chenyewe!"

Kitako halisi kilibana kidogo, na kosa moja la patasi lingekipasua. Mzee Baya alikikodolea macho siku mbili bila kukigusa. Siku ya tatu alikwangua mara nne, chuma kikaketi.

Aliyeinunua, siku ya themanini na sita, ni yule yule Bwana Ndirangu, kwa mara kumi na nne ya bei yake ya kwanza. Alilalamika mpaka alipoiweka begani. "Mzee, umeniweza," akasema, akalipa. Mashine ya Tezo inasaga hadi leo.

Tulipomuuliza anataka zawadi gani ya kuagwa, Mzee Baya alikataa saa, akakataa na redio. Aliomba jiriwa lake la karakana, lile la kubania mbao. Jumamosi iliyopita wanaume wanne walilifungua na kulipakia. Kwenye meza pamebaki matundu manne ya skrubu, na mpaka sasa hakuna aliyethubutu kuweka kitu juu yake.

Asante, Mzee wetu, kwa mikono yako na kwa ulimi wako wa kweli. Mungu akupe afya na usingizi mtamu huko shambani. Miwani yangu nimekuwekea mfukoni mwa koti lako. Mimi nimenunua mingine.