Kumbikumbi wa Treni

Mvua ya kwanza ilipiga Mtendeni jana jioni, na asubuhi hii mbawa za kumbikumbi zilitapakaa hadi chini ya benchi la Uwesu muuza kahawa. Wenyewe walikuwa sahanini, wamekaangwa. Fundi Kornel, seremala aliyebandikwa jina la Msumeno kwa kukata maneno ya wenzake, aliwatafuna bila kusikia utamu. Mama Consolatha ametuma salamu kuwa anakuja. Mlango wa mninga aliomtengenezea Pasaka, mchwa wameula mpaka kwenye bawaba! Msumeno maelezo anayo, anatafuta mashahidi tu.

— Nasemaje, hawa kumbikumbi ndio wamekula mlango. Wameshuka na mvua wana njaa.

— We Msumeno! alidakia Shigela, anayeitwa Daktari kwa kuwa aliwahi kuuza dawa za ng'ombe huko Ziba. — Kumbikumbi ni mchwa hawahawa, wameota mbawa. Mvua ikinyesha wanatoka, wanaangusha mbawa, dume na jike wanachimba kuanza kichuguu kipya. Hao ni maharusi wa jana. Mlango ulianza kuliwa mwezi wa nane!

— Basi ni wazazi wao. Wa mwaka huu si wa kawaida.

— Kweli kabisa, Uwesu akamuunga mkono mteja wake. — Wamekula mbolea ya tumbaku huko Urambo, meno yamekomaa.

— Unaona? Wametoka Urambo!

— Kwa miguu? aliuliza Daktari.

— Kwa treni! Wanapanda behewa la mbao, wakishuka stesheni wananusa mninga safi ulipo. Wanajua vitu vizuri hao!

Daktari mwenyewe akacheka, na Msumeno akajiona amepona.

Mama Consolatha akatokea na kipande cha mlango mkononi.

— Shikamoo mama, wakasema wote kwa pamoja.

— Marahaba.

Akaketi. Wakammwagia yote, mbolea, meno, treni, yeye akitafuna kumbikumbi taratibu. Kisha akapapasa benchi.

— Hili ni mti gani, Uwesu?

— Mninga huo, mama. Kazi ya marehemu baba yake Msumeno. Mwaka wa ishirini huu, miguu yake imezama udongoni na mvua yote inaishia juu yake.

— Sasa hao wa treni wanaonusa mninga safi, mbona hili hawajaligusa?

Uwesu akajitia kupuliza mkaa. Daktari akachungulia kikombe kilichokwisha kahawa. Msumeno aliona aibu mpaka masikio yakamuwaka, akainuka kwenye benchi la baba yake.

— Nakuja kupima mlango mpya leo, mama. Wa mninga wa kweli.